Sado na gorogoro chini ya Mawenzi

Ugomvi ulianzia kwenye kopo. Shangazi yangu, mama wa miaka sitini na kitu kutoka Rombo, alikuwa ameketi juu ya gunia lililokunjwa mara nne katika soko la Loitokitok, maharage yamemwagwa mbele yake kwenye turubai, sado mkononi. Mteja wake, kijana wa Kikenya aliyeegesha pikipiki hatua mbili kutoka hapo, hakuitaka hiyo sado. Alitaka apimiwe kwa gorogoro.

"Mama, huo mkebe wako siujui," alisema.

Shangazi hakuinua hata macho. "Wako mimi naujua sana. Ndiyo maana siutaki."

Kwa wasomaji wa pwani na wa mijini, nieleze. Sado ni ndoo ndogo ya rangi, ya lita nne, iliyorithi jina la Sadolin na ambayo kaskazini mwa Tanzania inapima kila kitu chenye punje, kuanzia mahindi hadi dagaa. Gorogoro ni kaka yake wa Kenya: kopo lililoanza maisha likiwa na mafuta ya kupikia na sasa linahesabiwa kuwa kilo mbili, hata kama mzani ungekataa. Hakuna sheria ya nchi yoyote kati ya hizi mbili inayoyatambua makopo hayo. Lakini Jumanne, Loitokitok, hayo ndiyo yanayotawala, na kila moja lina siasa zake. Sado iliyojazwa mpaka ikasimama kilele juu, shangazi anaiita Kibo. Iliyofutwa juu kwa kiganja ikabaki tambarare anaiita Shira, majina yote mawili ya vilele vya Kilimanjaro. Bei ya Kibo na ya Shira si moja, na mteja anayelipia Shira huku akitazamia Kibo hupewa somo la jiografia hapo hapo.

Walikubaliana mwishowe, kwa njia ambayo sijaiona imeandikwa popote. Kijana alileta gorogoro lake, shangazi akamimina sado moja ndani yake, mbele ya watu, wakahesabu limejaa mara ngapi na kimebaki kiasi gani, kisha wakapanga bei ya kilichomwagwa. Pesa ilitoka kwa shilingi za Kenya, chenji ikarudi kwa shilingi za Tanzania. Buku moja ya kwetu ni karibu hamsini ya kwao. Shangazi hufanya hesabu hiyo haraka kuliko simu yangu, na kosa likitokea, sijaliona likimwangukia yeye.

Nilikuwa nimemfuata kwa udadisi tu. Soko kama hili watu wa Rombo huliita gulio, neno ambalo mijini tumelisahau kidogo tukabaki na soko. Gulio ni soko lenye siku yake. Ukiwasikiliza Waganda wakisema kugula kwa maana ya kununua, au Wanyasa kule kusini wakisema vivyo hivyo, unaona neno hilo limetembea mbali kuliko wengi wetu. Soko la kila siku ni duka lisilo na ukuta. Gulio ni miadi. Loitokitok ina siku mbili, Jumanne na Jumamosi, ila shangazi anaihesabu moja tu. Jumamosi ana jumuiya, ana misiba, ana wajukuu. Kwake wiki ina Jumapili moja na Jumanne moja.

Tulitoka Rombo giza likiwa bado limekaa migombani. Asiyefika upande huo wa Kilimanjaro anapaswa kujua kuwa si ule mlima wa kalenda. Upande wa Moshi unamwona Kibo, mviringo na theluji yake, mita 5,895, anapendwa na wapiga picha. Upande wa Rombo unaamka na Mawenzi usoni, mita 5,149 za miamba iliyochongoka kama meno ya mzee. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa akizimikiwa moto mara kwa mara na kwenda kuomba makaa kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka na kumtwanga, ndipo sura ikawa hiyo. Ni hadithi ya majirani wawili na deni dogo dogo. Ukifika Loitokitok, upande wa Kenya, unawaona wote wawili kwa pamoja, Mawenzi kushoto, Kibo kulia, wamekaa kama wagomvi waliolazimishwa kupiga picha ya harusi.

Sokoni, ukitaka kujua nani ametoka wapi, usitazame vitambulisho, tazama mizigo. Mikungu ya ndizi imeshuka kutoka migomba ya Rombo, pamoja na maharage, magimbi (ambayo hapo lazima uyaite nduma, la sivyo yatalala) na ulezi. Vitunguu na nyanya vimepanda kutoka mashamba ya umwagiliaji ya huku chini, ambako maji ya mlima huchomoza kwenye chemchemi. Mbuzi na ng'ombe ni wa Wamaasai, ambao wako pande zote mbili za mpaka na hawajawahi kuuchukulia kwa uzito mkubwa. Mitumba ni ya watu wote. Viatu vya tairi vimepangwa kwa ukubwa, kuanzia cha mtoto hadi cha mtu ambaye sitaki kukutana naye usiku.

Na kuna magadi. Wanawake wa Kimaasai huyauza yakiwa mabonge ya kijivu, na wanawake wa Kichagga hawaondoki bila hayo. Ng'ombe wa Kichagga anafugwa zizini, analetewa majani, na asipopata magadi hukonda. Kiburu bila magadi ni ndizi na maharage yaliyogoma kuiva. Biashara hii, chumvi ya nyikani kwa chakula cha mlimani, ni ya zamani kuliko kila serikali iliyowahi kuweka bendera pale. Ilikuwepo hata Wamaasai na Wachagga walipokuwa wakiibiana ng'ombe. Muuzaji wa shangazi, mama wa makamo mwenye shanga mpaka kwenye viwiko, humwita pakine. Kwa Wamaasai watu waliopeana mnyama huitana kwa jina la mnyama huyo: pakiteng' kwa ng'ombe, pakine kwa mbuzi. Mbuzi huyo alitolewa miaka mingi iliyopita, mmoja wao alipofiwa. Ameshaliwa zamani, jina limebaki, na pamoja nalo mkopo usioandikwa wa magadi wa Jumanne hadi Jumanne.

Mpaka wenyewe ni mgeni hapa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka pwani, jirani na Vanga, uelekee Ziwa Viktoria, na ulipofika Kilimanjaro ukapinda kuuzunguka mlima kwa kaskazini. Bado kuna walimu wanaosimulia darasani kwamba Malkia Victoria alimpa mlima mjukuu wake, Kaisari Wilhelm, kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu yenye kasoro moja: Wilhelm alianza kuwa Kaisari mwaka 1888, miaka miwili baada ya mstari kuchorwa. Nadhani tunaipenda kwa sababu inafanya upuuzi uonekane una moyo. Ukweli ni kwamba walikuwa watu wenye rula, na shamba la migomba halikuonekana kwenye ramani yao.

Kwa miaka mingi mstari haukumsumbua mtu. Uliota meno Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inakata roho, Shirika lake la Ndege limevunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulikaa umefungwa miaka sita na miezi tisa, hadi marais Nyerere, Moi na Obote walipokutana Arusha Novemba 1983. Katika miaka hiyo, shangazi akiwa msichana, ndipo alipojifunza kazi. Dukani Tanzania sabuni ilikuwa hadithi. Sukari ilikuwa foleni. Dawa ya meno ilikuwa kitu cha watu waliosafiri. Upande wa pili, kilomita chache tu, vyote vilikuwa rafuni. Basi maharage na kahawa vilivuka usiku kwenda, na sabuni ikavuka usiku kurudi, imefungwa tumboni chini ya khanga. Anasema kulikuwa na msimu ambapo nusu ya wasichana wa kijiji walikuwa na mimba za miche ya sabuni, na mgambo mmoja mzee aliyekuwa akiwaombea wajifungue salama.

Neno magendo lilipata uzito wake wakati ule. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, wenye maghala mijini walitupa mali mitoni na maporini. Sina ugomvi na nia ya Sokoine. Walikuwepo watu waliolalia magunia ya sukari huku wenzao wakinywa chai ya chumvi. Lakini msako haukuwa na jicho la kutofautisha ghala na kikapu. Mlanguzi wa tani mia na binti mwenye miche minne waliitwa jina moja. Jina hilo halijawahi kuvuliwa. Mpaka leo mtu anayevusha madebe mawili ya maharage kwenda kwa watu anaowajua, kwa bei inayojulikana, mchana kweupe, huzungumza na wewe kwa sauti ya chini.

Lakini kwa sheria ya leo, yeye si mhalifu hata kidogo. Jumuiya ilifufuliwa, Umoja wake wa Forodha ukaanza mwaka 2005, Soko la Pamoja Julai 2010. Mazao yaliyolimwa ndani ya Jumuiya hayatozwi ushuru wa forodha. Upo hata utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa, thamani isizidi dola 2,000 za Marekani, unajaziwa cheti chepesi cha uasili hapo hapo mpakani, unapita. Mzigo mzima wa shangazi hauifikii hata robo ya kiasi hicho.

Kwa nini basi anapita njia ya panya? Nilimuuliza. Nilitegemea jibu la kodi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji yanateremka. "Langoni wanauliza maswali," alisema.

Maswali yenyewe ni haya. Cheti chepesi kinamwondolea ushuru wa forodha, ambao hakuwa akidaiwa. Hakimwondolei cheti cha afya ya mimea. Hakimwondolei kibali cha kutoa chakula nje ya nchi, pale wizara inapokitaka. Hakimwondolei leseni, wala namba ya mlipakodi, kila moja ikiwa na ofisi yake, mtandao wake na siku yake ya mtandao kuwa chini. Hakuna mtu aliyekaa akapanga kumdhulumu mama wa Rombo. Kila karatasi ilibuniwa na mtu mwenye akili, akiwa na lori kichwani. Lori lina wakala. Wakala ana kompyuta. Gharama ya karatasi ikigawanywa kwa magunia mia tatu, inapotea. Ikigawanywa kwa magunia mawili, inakula faida na mtaji.

Jicho hili la lori lilionekana wazi Mei 2020. Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania kwa sababu ya korona, iliacha mlango mmoja: mizigo. Madereva wa malori walipimwa wakapita. Mama mwenye kikapu kichwani hakuwa abiria wa kuhurumiwa wala mzigo wa kuruhusiwa. Hakuwepo kabisa.

Nisieleweke kwamba nataka kila kitu kipite bila kuangaliwa. Sumukuvu si uzushi wa maofisa. Mwaka 2004 iliua watu 125 Ukambani, na mwaka 2016 iliua kwetu, Dodoma na Manyara. Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda Machi 2021, wengi wetu tulipiga kelele za uzalendo, na zuio lenyewe lilikuja ghafla mno, likalegezwa baada ya siku chache tu. Lakini mahindi yenye ukungu ni mahindi yenye ukungu, yawe na bendera gani. Vilevile mbolea. Tangu serikali ya Tanzania ianze tena kuitolea ruzuku mwaka 2022, mfuko unaovushwa kuuzwa ng'ambo ni kodi ya mlalahoi wa Sumbawanga inayotajirisha mtu mwingine. Hayo ni magendo, na neno linamfaa mwenyewe.

Kinachoniudhi ni mahali tunapochagua kuweka jicho. Tunaliweka kwenye kizuizi, barabarani, ambako mtu akifika ni mmoja, amechoka, ana haraka, na anayemkagua ndiye pekee mwenye neno. Gulio liko umbali mfupi tu kutoka hapo, na ndani yake watu wote na mali yote viko wazi juu ya turubai kwa saa sita mfululizo. Nilimwona mnunuzi mmoja akilivunja harage kwa meno, akalitema, akasema lina unyevu. Jirani zake watatu wakasogea kuonja. Ndani ya dakika tano bei ya gunia lile ilikuwa imeanguka na mwenyewe amelianika upya juani. Ukaguzi ulifanyika, adhabu ikatolewa, rufaa ikakataliwa. Hakuna aliyeandika chochote.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, na nimewahi kuchekwa kwa ajili yake: meza ihamie sokoni. Siku ya gulio, waje watu wawili, mmoja wa kila nchi, na mzani, kipima unyevu na mhuri. Mama akishauza, apewe karatasi yake moja. Maharage yakipatikana na ukungu, yakataliwe mbele ya watu, si kwenye chumba. Mzani ukiwepo, hata mimi ninayependa Kibo na Shira nitakubali sado ipumzike. Nikipinga lumbesa, lile gunia lililoshonewa kofia ili mkulima auze gunia na nusu kwa bei ya moja, siwezi kulilia kopo la rangi milele.

Nilikuwa nikilifikiria hilo kwa sababu ya amri ya Julai 2025, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15 ndogo ndogo nchini Tanzania. Wakenya walilalamika, mitandao ikawaka, kila upande ukakumbuka madeni ya zamani: ng'ombe 1,325 wa Kenya tuliowapiga mnada mwaka 2017, vifaranga 6,400 tulivyoviteketeza Namanga mwaka huo huo. Watu wengi walizungumzia saluni na ufundi simu. Mimi nilisimama kwenye kipengele kingine, kununua mazao shambani. Mkenya haruhusiwi tena kumfuata mkulima kwenye tuta lake.

Na hapa, kwa unyonge, nasema walioandika kipengele hicho waliona jambo la kweli. Shambani mnunuzi ni mmoja, mkulima ana ada ya shule inayodaiwa, na mahindi bado mabichi. Bei inayopatikana hapo ina harufu ya dhiki. Lakini uraia wa mnunuzi hauibadilishi harufu hiyo. Dalali wa Moshi anayefika shambani peke yake ana nguvu ile ile, na sasa hana hata mshindani wa Kikenya kutoka Emali. Kinachomsaidia mkulima ni wanunuzi kumi waliosimama mahali pamoja wakitazamana kwa wivu. Mahali hapo pana jina na pana siku. Kama tungetaka kwa dhati kumtoa mlanguzi shambani, tungemrahisishia mkulima njia ya kwenda kwenye gulio, ikiwa ni pamoja na gulio lililo ng'ambo ya mstari. Tumefanya nusu ya kwanza ya kazi tu.

Nilimwambia shangazi haya tukiwa tunakunja turubai, nikiwa nimepata moto wa mhubiri. Alikuwa anahesabu pesa, za Kenya mfuko wa kushoto, za kwetu kwenye fundo la khanga. Akasema meza ni wazo zuri, ila wataiweka juani na watakaokaa hapo watahamia hotelini kufikia saa nne. Kisha akaniuliza kama nimenunua vitunguu au nimekuja kutazama watu.

Kurudi tulitengana, kama wakati wa kwenda. Mimi nina pasipoti, na mwandishi mwenye pasipoti huogopa njia za panya kuliko panya wenyewe. Jina la kijiji anachopitia yeye nitaliacha, kwani shangazi husoma magazeti. Nilisimama kwenye foleni nyuma ya watu wa basi, nikagongewa mhuri, nikaulizwa nilikuwa nafanya nini Kenya, nikajibu "kutembea," nikafunguliwa begi, likakutwa na vitunguu kilo tatu na daftari. Ofisa, mtu mpole kabisa, alilipekua daftari kwa muda mrefu kuliko vitunguu.

Nilipotokea upande wa pili nilimkuta ameketi kwenye jiwe la kando ya barabara, magunia matupu chini yake, magadi yamefungwa kwenye kitambaa, anakula chungwa. Nusu ya pili alikuwa ameniwekea, na nzi walikuwa wameshaianza.

"Ulipotelea wapi?" aliniuliza. "Gari la mwisho linaondoka."